Fidia hufuata karatasi, na Pwani karatasi ni chache

Kila serikali inapotangaza mradi mkubwa hapa Pwani, mjadala huwa ni ule ule. Upande mmoja husema haya ni maendeleo, tusiwe watu wa kupinga kila kitu. Upande wa pili husema ardhi yetu inaporwa tena. Redioni watu hurushiana maneno wiki mbili, wanasiasa huja wakahutubia, kisha kila mtu hurudi kwake kungoja tingatinga. Katika kelele zote hizo kuna swali moja ambalo ni nadra kulisikia, nalo ndilo linaloamua nani atabaki na kitu mkononi: ardhi ikishachukuliwa, nani hasa atalipwa?

Hoja yangu leo ni kwamba hasara kubwa ya mtu wa Pwani haitokei siku serikali inapochukua ardhi. Hutokea zamani, siku jina lake lilipokosa kuandikwa popote. Sheria ya Kenya inalinda mali, na inalinda vizuri, lakini inamlinda kwanza yule aliye na karatasi. Kwa jinsi ardhi ya Pwani ilivyo, mwenye karatasi na mwenye kuishi hapo mara nyingi ni watu wawili. Mpaka tuelewe jambo hilo tutaendelea kupigana vita visivyo vyetu, na fidia itaendelea kupita mlangoni kwetu ikielekea kwa mwingine.

Sheria yenyewe inasemaje

Kifungu cha 40 cha Katiba ya mwaka 2010 kinairuhusu serikali kuchukua mali ya mtu kwa manufaa ya umma, lakini kwa masharti. Malipo yawe ya haki, yatolewe kwa ukamilifu na bila kuchelewa, na mwenye mali awe na nafasi ya kwenda mahakamani. Utaratibu wake umo katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kuanzia kifungu cha 107 hadi cha 133.

Kwa ufupi mambo huenda hivi. Wizara, shirika la serikali au kaunti inayotaka ardhi hupeleka ombi kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi, NLC. Tume ikikubali, hutangaza kusudio hilo katika Gazeti Rasmi la Serikali. Baada ya siku zisizopungua 30 huitisha kikao cha kusikiza madai, na tangazo la kikao hicho lazima litoke angalau siku 15 kabla. Hapo kila anayedai haki juu ya ardhi ile huleta madai yake kwa maandishi. Baada ya kikao, Tume huandika kiwango ambacho kila mmoja atalipwa, kisha hulipa na kuchukua ardhi.

Sasa tazama jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Kifungu cha 107 kinapoeleza nani anahesabiwa kuwa na haki ya kusikizwa, hakiishii kwa mwenye hatimiliki. Kinamtaja pia mke au mume wake, na yeyote anayeikalia ardhi hiyo, pamoja na mke au mume wa mkaazi huyo. Kwa hivyo yule mama aliyeolewa katika boma miaka thelathini iliyopita, na yule mzee anayelima shamba ambalo hati yake iko Nairobi au ng'ambo, wote wana nafasi kisheria ya kusimama mbele ya Tume na kusema, "Mimi pia nimo."

Lakini kusikizwa ni jambo moja, kulipwa ni jambo jingine. Kwa wale wanaokaa bila hati, Katiba inasema tu kwamba fidia inaweza kulipwa kwa wakaazi wa nia njema. "Inaweza" si "lazima". Neno hilo moja ndilo linalotenganisha haki ya mwenye karatasi na ombi la mwenye kukaa.

Likoni na Dongo Kundu

Mifano miwili iliyo karibu sana inaonyesha neno hilo linavyofanya kazi.

Wa kwanza ni shamba la Waitiki kule Likoni, ekari zipatazo 930. Baada ya machafuko ya mwaka 1997 shamba lile likawa makaazi ya maelfu ya watu, huku hati ikibaki kwa mwenyewe. Kesi na vitisho vya kufurushwa vikaendelea miaka mingi. Mwishowe serikali iliamua kulinunua kwa zaidi ya shilingi bilioni moja, na Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta akaja kutoa hatimiliki. Watu walishangilia, na walikuwa na sababu. Aliyeishi miaka yote akisikiliza mlio wa tingatinga usiku sasa alikuwa na karatasi yenye jina lake.

Baada ya shangwe zikaja hesabu. Wakaazi waliambiwa kila mmoja arudishe shilingi 182,000 kama gharama ya kiwanja. Tukiliangalia jambo hili bila hasira, serikali haikuvunja sheria. Ununuzi wa aina hii hupitia hazina ya kuwapa makaazi wasio na ardhi, na hazina hiyo hutazamia kurudishiwa pesa. Ila matokeo yake ni kwamba katika biashara ile moja, mwenye karatasi alilipwa na mwenye kukaa akadaiwa.

Wa pili ni Dongo Kundu, ng'ambo ya pili ya maji, ambako kumetengwa eneo maalum la kiuchumi. Ardhi imeandikwa kwa jina la Halmashauri ya Bandari, KPA. Watu wamekaa pale vizazi na vizazi, makaburi ya wazee wao yako pale, minazi iliyopandwa na babu zao iko pale. Kwa kuwa hati ni ya Halmashauri, mazungumzo ya fidia yamekuwa juu ya nyumba, miti na mimea. Udongo wenyewe umehesabiwa kuwa tayari una mwenyewe.

Likoni serikali ilinunua kutoka kwa mtu binafsi, Dongo Kundu shirika la umma ndilo lenye hati. Ukiangalia juujuu ni mambo mawili tofauti. Ukichimba chini ni jambo moja: kila palipokuwa na karatasi, thamani ya ardhi ilikwenda huko, na aliyeishi juu yake akabakiwa na thamani ya mabati na mnazi.

Karatasi zilitoka wapi

Hapa lazima tuirudie historia, japo kwa ufupi, kwa sababu mtu wa bara husikia malalamiko ya Pwani na kudhani ni uvivu wa kwenda ofisi ya ardhi.

Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa pwani wa maili kumi, uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Kila anayedai kumiliki ardhi alitakiwa ajitokeze na kuthibitisha madai yake. Ardhi ambayo haikudaiwa na mtu ikahesabiwa kuwa mali ya Taji la Uingereza. Familia kadhaa za mijini, za Kiarabu na za Kiswahili, zilipata hati. Baadhi ya watu wetu hawakusikia, wengine hawakuwa na njia ya kudai, na kwa Mijikenda, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na si ya mtu mmoja, sheria ile haikuwa na sanduku la kuwaweka. Oktoba 1963, uhuru ulipokaribia, makubaliano ya kuunganisha ukanda huo na Kenya yalikuja na ahadi kwamba hati zilizokwisha kuandikishwa zitaheshimiwa. Hati za 1908 zikavuka na kuingia Kenya huru kama zilivyokuwa.

Nalisema hili nikijua kwamba miongoni mwa wasomaji wa ukurasa huu wamo walio upande wa hati na walio upande wa kukaa. Wako wajukuu wa waliopata hati zile, ambao kodi ya viwanja ndiyo iliyowasomesha. Wako pia wanaoishi katika viwanja hivyo hivyo. Sisemi hati za wale ni za wizi. Nasema kwamba serikali ya leo inapochukua ardhi na kusema inamlipa "mwenyewe", inatumia orodha iliyoandikwa kwa kalamu ya mkoloni, na orodha ile ilikuwa na mapengo.

Kitu kimoja, wenyewe wanne

Kuna tatizo jingine ambalo hata wathamini wazuri kutoka Nairobi huwapiga chenga. Sheria hupenda kipande cha ardhi kiwe na mwenyewe mmoja. Desturi za Pwani hazikuwa hivyo.

Tazama mtaa wowote wa zamani Mombasa. Nyumba ni ya fulani, kiwanja ni cha mwingine, na kila mwezi mwenye nyumba hupeleka kodi ya kiwanja. Ndio mtindo wetu wa nyumba bila ardhi. Mtu anaweza kujenga ghorofa, akaoza mabinti zake wote ndani yake, akafa akazikwa, na asiwe na hata futi moja ya ardhi. Barabara ikipanuliwa ikapita pale, mwenye kiwanja ana hati na mwenye nyumba ana risiti za kodi, kama alizitunza. Na ndani ya nyumba hiyo wamo wapangaji wa vyumba, na barazani yuko mama wa mahamri ambaye wateja wake wote ni wa mtaa ule.

Toka mjini uende mashambani. Mnazi una mwenyewe na ardhi uliposimama ina mwenyewe. Mzee mmoja alipanda, mwingine akampa ruhusa ya kupanda, na wote wawili wamekufa. Wajukuu wanajua mipaka ya miti kwa macho, hakuna aliyeandika. Mthamini hupita na daftari siku moja, akahesabu minazi, miembe na mikorosho, na jina analoandika ni la yule aliyekuwepo siku ile.

Kuna ardhi ya wakfu pia. Msikiti, madrasa, makaburi, na mashamba ambayo mapato yake yaliwekwa kwa ajili ya kheri. Wakfu hauuzwi, haurithiwi, hautolewi zawadi. Serikali ikiuchukua kwa sheria, pesa zile si za imamu wala za kamati wala za kizazi cha aliyeweka. Wanazuoni wengi wanakubaliana kwamba zinunue mali nyingine ishike nafasi ya ile ya kwanza. Tuna Tume ya Wakfu na tuna sheria mpya ya wakfu ya mwaka 2022, lakini wakfu wa mdomo, ambao haukuandikishwa mahali popote, nani atakwenda kuudai?

Halafu iko bahari. Mvuvi hana hati ya maji. Bandari ya Lamu ilipoanza kujengwa chini ya mradi wa LAPSSET, waliokuwa na mashamba nchi kavu walikuwa na njia ya kudai fidia, lakini wavuvi ambao mikondo na miamba yao ilichimbuliwa walionekana kama hawakupoteza kitu. Walikwenda mahakamani mwaka 2012. Aprili 2018 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zao za kupewa habari, za mazingira safi na za utamaduni zilivunjwa, na kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Kesi ilichukua miaka sita, na malipo yenyewe yakachukua miaka mingine tena. Hata hivyo hukumu ile ilifungua mlango: ilikubali kwamba mtu anaweza kunyang'anywa kitu cha thamani hata kama hakuwa na hati yake.

Marehemu ndiye mwenye hati

Nimehudhuria vikao vya kusikiza madai zaidi ya kimoja, na ninachokiona mara nyingi kuliko kingine si mtu asiye na hati. Ni familia yenye hati halali kabisa, ila jina lililo juu yake ni la marehemu.

Tuseme mzee alifariki mwaka 1985 akaacha ekari nne kule Kwale, wake wawili na watoto tisa. Hakuna aliyekwenda kwa kadhi wala mahakama yoyote kufungua mirathi. Waligawana kwa maneno, kila mmoja akajenga upande wake, na watoto wawili wakauza vipande vyao kwa karatasi za mkono zilizoshuhudiwa na mzee wa mtaa. Miaka arubaini baadaye barabara inapita. Tume inatafuta mwenye hati, mwenye hati yuko kaburini. Inatafuta msimamizi wa mirathi, hayuko. Ndugu mkubwa anajitokeza na kusema yeye ndiye msemaji. Dada zake walioolewa Malindi na Tanga hawana habari. Walionunua kwa karatasi za mkono wanapiga kelele.

Sheria inajua la kufanya katika hali hiyo. Palipo na mzozo, au pasipokuwa na mtu anayestahili kisheria kupokea, Tume inaweza kuziweka pesa katika akaunti maalum ya fidia mpaka mambo yatengenee. Na hapo ndipo maumivu yanapoanza: fidia imetolewa, kwa hivyo ardhi inaweza kuchukuliwa, lakini familia haina pesa wala shamba. Mradi haungoji mirathi yenu.

Wanaoumia zaidi ni wanawake. Mjane hupitwa na shemeji zake, binti hupitwa na kaka zake, na wengi husikia habari za malipo baada ya pikipiki mpya kuonekana kijijini. Hili halifanywi na serikali. Tunafanyiana wenyewe, na dini tunayoisema kila Ijumaa imeyataja mafungu ya warithi waziwazi.

Kule Tana River na Lamu, ambako ardhi nyingi ni ya jamii, tatizo hilo hilo lina sura nyingine. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inasema kwamba kama ardhi ya jamii haijaandikishwa, fidia yake hushikwa na serikali ya kaunti kama amana mpaka iandikishwe. Jamii isiyojiandikisha haipotezi haki, ila pesa zake ziko katika mikono ya watu ambao kila miaka mitano hubadilika.

Kungoja

Neno "bila kuchelewa" lilikuwa likivutwa kama mpira mpaka marekebisho ya mwaka 2019 yalipolipa maana: ndani ya muda wa kiasi, na kwa vyovyote isizidi mwaka mmoja baada ya Tume kuichukua ardhi. Zingatia vizuri. Mwaka unahesabiwa kuanzia ardhi ikishachukuliwa. Maana yake sheria inakubali kwamba familia inaweza kuondoka leo na kulipwa mwezi wa kumi na moja. Anayeandika sheria akiwa na mshahara haoni ubaya. Mkulima aliyekatiwa mikorosho yake atakula nini miezi hiyo, na kiwanja kingine atakinunua kwa bei gani wakati kila muuzaji anajua kuwa fidia iko njiani?

Na kuna kungoja kubaya zaidi, kule kwa kabla. Ardhi ikishatajwa kwa mradi, mwenyewe huogopa kupanda mmea wa kudumu, benki huikataa, na mnunuzi hukimbia. Lamu walipanga kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kule Kwasasi. Mashamba yakatajwa, vikao vikafanyika, kisha Juni 2019 leseni ya mazingira ya mradi ikafutwa. Mazingira ya Lamu yalipata ushindi, nami niliufurahia. Lakini mkulima ambaye shamba lake lilikaa chini ya kivuli cha mradi miaka yote hiyo, nani alimlipa kwa misimu iliyopita? Sheria yetu ina fidia ya kuchukuliwa. Haina fidia ya maana kwa aliyewekwa rehani kisha akaachwa.

Upande wa serikali

Haitakuwa haki kusema serikali haina hoja. Inayo, na ni nzito.

Barabara, bandari na mabomba ya maji lazima yapite mahali, na gharama za ardhi Kenya zimekuwa zikiimeza miradi. Wako wajanja wenye masikio marefu ofisini ambao hununua ardhi mwezi mmoja kabla ya tangazo, hupanda miche usiku na kujenga vibanda vya mabati ili wahesabiwe. Mwaka 2018 wakuu wa Tume ya Ardhi na wa Shirika la Reli walifikishwa mahakamani kuhusu malipo ya ardhi ya reli ya SGR. Ndiyo maana sheria ya 2019 ilileta orodha maalum ya thamani ya ardhi ya kukadiria bei, na ikasema nyongeza zilizofanywa katika miaka miwili kabla ya tangazo zisihesabiwe, isipokuwa mtu athibitishe nia njema. Pia ilianzisha jopo la kusikiza kesi za utwaaji wa ardhi ili watu wasikwame miaka mahakamani.

Mimi nakubali ugonjwa upo. Wasiwasi wangu ni dawa. Orodha ya thamani hutegemea bei zilizoandikishwa, na sote tunajua kwamba watu wakiuziana ardhi huandika bei ndogo ili kupunguza ushuru wa stempu. Kwa hivyo uongo wa muuzaji wa jana utakuja kuwa bei halali ya jirani yake kesho. Na katika wodi ambazo ardhi haiuzwi kabisa, kwa sababu ni ya ukoo, bei itatoka wapi?

Mahakama ya Juu nayo imeweka mizani yake. Mwaka 2021, katika kesi ya kampuni ya Zinj Limited, serikali ilikuwa imewagawia watu hati juu ya ardhi ya kampuni hiyo kule Ngomeni, Kilifi, bila kuinunua kwanza. Mahakama ikasema huko ni kumnyang'anya mtu mali bila fidia. Mwaka 2023, katika kesi ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa, kuhusu kiwanja cha ufuoni Nyali, ikasema hati iliyozaliwa kwa njia isiyo halali kutoka ardhi ya umma hailindwi, hata kama aliyeishika mwisho aliinunua kwa pesa zake. Zisome pamoja hukumu hizo mbili. Ya kwanza inaiambia serikali isitoe zawadi kwa mali ya mwingine. Ya pili inatuambia kwamba karatasi peke yake haitoshi, lazima mizizi yake iwe safi. Basi kama mahakama iko tayari kuchimba mizizi ya hati ili kuilinda njia ya kwenda ufuoni, kwa nini Tume isichimbe mizizi hiyo hiyo kabla ya kumlipa mamilioni mtu ambaye hajawahi kukanyaga shamba analolipwa?

La kudai, na la kufanya

Kwa wabunge na maseneta wetu nina maombi matatu. Kwanza, ile "inaweza" ya Katiba kuhusu wakaazi wa nia njema itungiwe sheria ya kuieleza: aliyekaa miaka mingapi, athibitishe kwa nini, apewe fungu gani la thamani ya ardhi yenyewe, si la mabati peke yake. Pili, pesa zitoke kabla ya tingatinga kuingia, na palipo na makaazi ya watu kusiwe na kisingizio. Tatu, serikali inaponunua shamba kwa ajili ya wanaolikalia, kama ilivyofanya Likoni, deni la mkaazi lipimwe kwa uwezo wake na kwa historia ya shamba lenyewe. Haiwi haki mtu kuuziwa alipozaliwa kwa bei ya soko.

Kwa upande wetu, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Familia yenye hati ya marehemu ifungue mirathi sasa, kwa kadhi au mahakama nyingine inayostahili, kabla hata fununu ya mradi haijafika. Mwenye nyumba bila ardhi atunze risiti za kodi, na akiambiwa hakuna risiti, aidai. Kamati ya msikiti iandikishe wakfu. Aliyenunua kwa karatasi ya mkono atafute namna ya kuikamilisha wakati muuzaji angali hai. Jamii za Tana na Lamu zimalize kuandikisha ardhi zao.

Na tangazo likitoka, tusiwaachie wanasiasa kikao. Siku ile ya kusikiza madai ndiyo mahakama ya kwanza. Nenda na mkeo, nenda na dada zako, nenda na barua iliyoandikwa na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Nimemwona mzee aliyefika na mfuko wa plastiki uliojaa risiti za kodi ya kiwanja tangu miaka ya sabini, na maafisa wakabadilisha sauti zao walipozungumza naye. Nimewaona pia vijana walioelekezwa kupiga kelele nje ya ukumbi mpaka kikao kikafungwa, bila hata mmoja wao kuandikisha jina la mama yake.